Tumbaku Katika Vyumba vya Pate

Kitovu cha mji wa kale wa Pate, pale palipokuwa na nyumba za mawe za masultani wa Kinabahani, za masharifu na za matajiri wa hariri na pembe, hivi leo ni shamba la tumbaku. Shamba hilo haliko kando ya magofu. Tumbaku imepandwa ndani ya magofu yenyewe, chumba baada ya chumba, na kuta zilizosalia ndizo mipaka ya vishamba. Miche ikishakomaa, majani mapana hujaza ukumbi uliokuwa wa wageni, na mstari mwingine huingia kupitia pengo la mlango hadi chumba cha ndani, ambako zamani mtu asiyekuwa wa nyumba hakufika.

Njia ya kufikia hapo hupitia Mtangawanda. Boti za abiria zinazotoka Lamu hupita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na mikoko ya bara, kisha hukata maji ya wazi na kufunga katika gati la Mtangawanda, upande wa kusini-magharibi wa kisiwa cha Pate. Wanaokwenda Pate na Siyu hushuka hapo. Wengine huendelea na boti hadi Faza na Kizingitini. Kutoka gatini hadi mji wa Pate ni mwendo wa miguu wa kama saa moja, kwa njia nyembamba ya vichakani inayovuka tambarare za matope ambazo maji huzifunika na kuzifunua. Mizigo hupanda punda, na siku hizi pikipiki. Kwa mgeni mwenye haraka, Mtangawanda ni mahali pa kushukia tu. Kwa anayetaka kujua kwa nini mji mkubwa ulizimika, na kama unaweza kuwaka tena, uchunguzi huanzia hapo, kwa sababu bandari ya Pate haiko Pate.

Habari za mji huu zilikaa vifuani mwa watu zaidi ya zilivyokaa karatasini, na aliyezibeba kuliko wote ni Muhammad bin Fumo Omar al-Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini. Alikuwa wa ukoo wa masultani wenyewe, na alizipokea kwa babu yake. Inasemekana kwamba kitabu cha asili cha tarikhi ya Pate kilipotea Oktoba 1890, Waingereza walipoushambulia mji wa Witu na kuuchoma. Huko ndiko kiti cha Wanabahani kilikokuwa kimehamia. Kitabu kiliteketea, Kitini akabaki. Miaka michache baadaye maafisa wa Kiingereza waliotaka kuijua pwani walimwendea yeye. C. H. Stigand aliichapa simulizi yake katika The Land of Zinj mwaka 1913, na Alice Werner akachapa nakala ya Kiswahili pamoja na tafsiri mwaka 1914 na 1915. Matoleo mengine yalifuata, na mwaka 1993 Marina Tolmacheva aliyakusanya pamoja ili yalinganishwe. Hayapatani katika kila jambo, wala hapana ajabu: mtu huyohuyo akisimulia mara mbili kwa wasikilizaji wawili, hasimulii maneno yaleyale.

Kwa Kitini, hadithi huanza na Suleiman wa ukoo wa Nabahani, mfalme aliyeondoka Oman na kufika Pate mwaka 600 wa Hijria, yaani karibu 1203, akaoa binti wa mtawala wa mji na kurithishwa utawala. Wanahistoria hawakuikubali tarehe hiyo kwa urahisi. Neville Chittick, katika makala yake ya 1969, alisema ushahidi wa ardhini hauonyeshi mji mkubwa katika karne hizo za mwanzo. Baadaye Thomas Wilson na Athman Lali Omar walichimba, na matokeo yao, yaliyochapishwa 1997, yalionyesha kwamba watu waliishi Pate hata kabla ya tarehe anayoitaja Kitini. Kwa hiyo mzee hakusimulia hewa. Lini hasa Wanabahani walitwaa utawala ni suala jingine, na bado lina mabishano.

Penye nguvu zaidi katika simulizi yake ni siku za neema, na hapo Kitini husimulia kama mrithi anayehesabu mali ya jamaa zake iliyopotea. Anasema kwamba watu wa Pate walijenga nyumba kubwa wakatundika ndani yake taa za shaba zenye minyororo. Vitanda vilikuwa virefu hata vikahitaji ngazi za kupandia, na ngazi zenyewe zilikuwa za fedha. Nguzo zilipigwa misumari ya fedha, na juu yake dhahabu. Anataja pia forodha ambayo Wareno waliijenga bandarini, mahali palipoitwa Fandikani, na namna walivyofundisha kupasua mwamba kwa baruti ili kuchimba visima.

Msomaji wa leo anaweza kuona katika ngazi za fedha chumvi ya msimulizi. Lakini yupo shahidi asiyekuwa wa ukoo. Padri Monclaro, Mjesuiti aliyesafiri na jeshi la Francisco Barreto lililoondoka Lisbon mwaka 1569, aliikuta Pate ikifuma vitambaa vya hariri vya aina nyingi. Aliandika kwamba Wareno walipata faida kubwa kwa kuvichukua na kuviuza katika miji mingine ya pwani, kwa kuwa havikutengenezwa pengine popote. Mji wenye watu wa kufuma hariri ya kuuza nje una wenye kununua taa za shaba. Una pia wenye wakati wa kuandika. Mwaka 1728, Mwengo bin Athumani alitunga Utendi wa Tambuka katika jumba la kifalme la Yunga huko Pate, na kazi hiyo ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyotufikia. Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utendi wake wa 1858 bado unasomwa pwani nzima, alizaliwa Pate. Na katika karne ya 18 mji ulitawaliwa na mwanamke, Mwana Khadija, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno.

Nyumba za mji huo zilijengwa kwa vitu vitatu: jiwe la matumbawe, chokaa na boriti. Kila kimoja kilikuwa na sheria yake, na sheria hizo ndizo zinazoeleza hali ya magofu ya leo.

Jiwe la ukuta lilichimbwa nchi kavu, katika mwamba wa matumbawe ya kale. Jiwe la kuchongea, la mihirabu na matao na miimo ya milango, lilikatwa baharini likiwa bado bichi, wakati patasi inalikata bila kulivunja, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Chokaa ilipatikana kwa moto. Magogo yalipangwa duara, vipande vya matumbawe vikarundikwa juu yake, rundo likawashwa na kuachwa liwake hadi liishe lenyewe. Unga mweupe uliobaki uliachwa unyeshewe na kulowa kwa muda mrefu kabla ya kuchanganywa na mchanga. Fundi aliyeharakisha hapo alijiharibia kazi, kwa sababu chokaa isiyoiva hupasuka ukutani.

Boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana wa chumba. Mti unaoweza kubeba dari ya mawe hauzidi sana mita tatu, kwa hiyo chumba cha nyumba ya mawe huwa kirefu na chembamba, kiwe cha sultani au cha mfanyabiashara mdogo. Mwenye pesa aliongeza vyumba. Upana hakuweza kuuongeza. Vyumba vilipangwa kwa kufuatana kuelekea ndani ya faragha: daka mlangoni, kisha tekani, kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kumbi mbili za msana wa tini na msana wa yuu, na mwisho ndani, chumba cha mama wa nyumba. Huko ndani ndiko kulikokuwa na kazi ya fundi bora kabisa. Ukuta wa nyuma ulijazwa zidaka, vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, kila kimoja kimezungushiwa nakshi iliyokatwa kwenye lipu ya chokaa kabla haijakauka. Ndani ya zidaka viliwekwa vyombo vya kauri vilivyoletwa kutoka China na kwingineko. Kwa kuwa chumba kilikuwa na giza, weupe wa lipu na mng'ao wa vyombo ndivyo vilivyorudisha mwanga mdogo uliopenya kutoka kiwandani.

Dari ilikuwa nzito mno. Juu ya boriti yalipangwa mawe membamba, na juu ya mawe likamwagwa zege la chokaa na kokoto, likashindiliwa hadi likashikana. Maadamu boriti ni nzima, nyumba ya namna hii hukaa karne. Boriti ikioza, dari nzima hushuka chumbani, na kuta hubaki zimesimama bila kitu cha kuzishikanisha. Ndiyo maana magofu ya Pate yana kuta ndefu zisizo na paa. Mizinga haikuhitajika ili nyumba hizo zife. Ilitosha akosekane mtu wa kubadilisha boriti.

Kwa nini alikosekana? Historia hiyo inajulikana na wengi, na hapa itoshe kuitaja kwa ufupi. Mwaka 1679 Wareno waliukalia mji na kuwaua watawala wake pamoja na wa Siyu, Lamu na Manda. Pate ilinyanyuka tena baada ya hapo. Kilichoimaliza kilitoka ndani. Kitini anasimulia vita vya kugombea kiti wakati wa Mwana Khadija, vilivyopiganwa mitaani, mji ukiwa na watawala wawili kwa wakati mmoja na watu wasiweze kulima. Mzee huyu, ambaye jamaa zake walikuwa pande zote mbili, hakuficha jambo hilo, na ni hapo tarikhi yake inapostahili heshima kubwa zaidi kuliko penye ngazi za fedha.

Kisha ikaja Shela. Kati ya 1812 na 1814, maana hesabu zinatofautiana, Pate ikishirikiana na Wamazrui wa Mombasa ilipeleka jeshi kuitiisha Lamu. Jeshi hilo lilivunjwa ufuoni Shela, na simulizi zinasema maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vimekaa juu mchangani, waliokimbia wasiwe na pa kukimbilia. Lamu ilimwita Seyyid Said wa Oman, ngome yake ikakamilika karibu 1821, na biashara ikamfuata mwenye ngome. Siyu ilipigana naye kwa miaka mingi, na mwaka 1844 ikamuua hata amiri wake. Pate haikuwa tena na nguvu hizo. Ukoo wa Nabahani ulihamia bara, ukaishia Witu. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa 1896, ikavuta shehena zote kuelekea Mombasa. Utumwa ulipofutwa 1907, mashamba ya bara yaliyowalisha wenye nyumba za mawe yalikosa wa kuyalima. Lazima isemwe wazi kwamba zidaka zile zililipiwa pia na jasho la watu ambao tarikhi haiwataji kwa majina. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vikawaondoa wakulima waliobaki upande wa bara, na marufuku ya mwaka 1982 ya kuuza boriti nje ya nchi ikakata safari za majahazi ya Uarabuni, ambazo kwa karne nyingi zilikuwa mkate wa visiwa hivi.

Sababu hizi zote ni za kweli, lakini hazielezi jambo moja. Lamu nayo ilipigwa na reli, na 1907, na 1982, lakini mtaa wake mkuu bado unapitwa na watu asubuhi hadi usiku, na mwaka 2001 UNESCO iliuandika mji huo katika Urithi wa Dunia. Tofauti kubwa kati ya miji hii miwili iko majini.

Mji wa Pate umekaa juu ya hori lenye matope na mikoko. Maji yakijaa, mashua hufika karibu na nyumba. Yakipwa, hori hubaki uwanja wa tope, na mashua iliyochelewa hulala hapo hadi maji yarudi. Siku za bamvua, maji yanapojaa sana, nahodha anayejua njia huingia na mzigo wake. Siku za maji mafu hafiki. Mji ulipokuwa katika neema, jambo hili halikuwa na madhara makubwa, kwa sababu vyombo vya kisiwa vilifaa mahali hapo. Mtepe, chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja, uliweza kukalia tope maji yakitoka, ukapakuliwa mzigo na kungoja. Vyombo vikubwa vilivyokuja baadaye vilitaka kina, na Lamu ilikuwa na kina mbele ya mlango wake. Katika karne ya 20 mitepe ikatoweka kabisa, isibaki ila mifano yake katika majumba ya makumbusho. Ndipo Mtangawanda, ambako boti hufika bila kungoja bamvua, ikawa mlango wa kisiwa. Kwa mji wa mawe hiyo ilikuwa hukumu nyingine. Mji ambao bandari yake iko mwendo wa saa moja hauna tena sababu ya kuwa na maduka, maghala na nyumba za wageni katikati yake.

Katikati hiyo iliyokuwa tupu ndiyo iliyochukuliwa na jembe.

Wakulima wa Pate hawakuchagua magofu kwa kukosa ardhi. Walichagua udongo. Ardhi ya sehemu hiyo ya kisiwa ni mchanga juu ya mwamba, haina kina. Lakini mahali palipokaliwa na watu kwa karne nyingi pana udongo wa aina nyingine: jivu la majiko, mifupa ya samaki, magamba ya chaza, kinyesi cha mbuzi, na juu ya hayo yote dari za chokaa zilizoanguka na kusagika. Mkulima huondoa mawe na kuyapanga juu ya ukuta au pembeni mwa chumba. Kinachobaki chini ni tabaka jeusi na laini ambalo mwenye nyumba wa karne ya 18 alilitengeneza bila kukusudia. Ukuta nao una kazi. Hukinga miche na upepo wa kusi, na pengo la mlango likizibwa kwa miiba, punda na mbuzi hawaingii. Chumba chenye upana wa boriti moja hutosha mistari michache, na mtu huweza kukihudumia mwenyewe kwa mkono.

Tumbaku inataka mkono. Mbegu yake ni ndogo kama vumbi, haipandwi moja kwa moja shambani; huoteshwa kitaluni, kisha miche huhamishwa ardhi ikishalowa. Ikianza kutoa maua, vichwa hukatwa ili nguvu irudi kwenye majani. Machipukizi yanayotoka ubavuni hung'olewa, na baada ya siku chache hutoka tena. Majani huchumwa kuanzia ya chini, yakianza kugeuka rangi, kisha hukaushwa. Sehemu kubwa ya tumbaku ya namna hii huishia katika tambuu: jani la mtambuu, popoo, kipande cha tumbaku, na chokaa kidogo. Kitu kilichopakwa kuta za ndani na kitu kinachopakwa jani la tambuu ni kimoja, na mtu anayetafuna tumbaku ya Pate hula, kwa njia mbili, nyumba za Pate.

Huo si uharibifu wa makusudi. Jembe halimchukii Mnabahani. Hata hivyo kila msimu linapopita linageuza tabaka ambalo mchimbuaji wa mambo ya kale angelisoma sentimita kwa sentimita. Vipande vya kauri hupanda juu na kuchanganyika, cha karne ya 15 na cha karne ya 19 katika tuta moja, na chombo kikishahama mahali pake hakitoi tena ushahidi wa tarehe. Mawe ya kuta pia huondolewa kujengea nyumba mpya. Kwa upande mwingine, chumba kinacholimwa ni chumba kinachotunzwa. Mahali ambapo pameachwa, mizizi ya miti hupenya katikati ya mawe na kupasua kuta. Mkulima hukata miti hiyo ingali midogo kwa sababu inamtilia kivuli shambani. Huenda kuta nyingine zimesimama hadi leo kwa ajili ya tumbaku. Jambo hili linastahili kupimwa kabla mtu hajaandika neno uharibifu katika ripoti.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa Al-Inkishafi, alizitazama nyumba hizi zilipokuwa zimeanza kuanguka, mwanzoni mwa karne ya 19. Alikuwa wa familia ya masharifu wa Pate, na utenzi wake umeufanya uharibifu wa mji huu ujulikane kuliko neema yake. Kwake magofu yalikuwa ya ndege na wadudu. Hakumwona mkulima, na kwa sababu utenzi huo ndio unaosomwa mashuleni na vyuoni, wengi wanaoijua Pate kwa kitabu hudhani hakuna mtu anayeishi hapo. Wapo watu. Mji wa sasa, wa nyumba za mawe na za makuti zilizobanana, umeegemea magofu, na mpaka kati ya mji ulio hai na mji uliokufa ni ukuta wa nyumba ya jirani.

Je, kitovu hiki kinaweza kurudi?

Matumaini ya kwanza yanatoka baharini tena. Mwaka 2012 LAPSSET, mradi mkubwa wa bandari na usafirishaji, ulizinduliwa, na Mei 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu, upande wa bara huko Kililana, likapokea meli. Njia ya meli hizo hupita kati ya kisiwa cha Manda na kisiwa cha Pate. Shehena za dunia sasa zinapita mbele ya macho ya watu wa Pate. Kupita si kutua, hata hivyo. Wavuvi wa visiwa walikuwa wa kwanza kuhisi gharama: maeneo yao ya uvuvi yalichimbwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, iliyohusu wavuvi wapatao 4,600. Kwa kijana wa Pate, bandari hiyo ni ajira inayoonekana kwa macho lakini iko ng'ambo ya maji, na kwenda na kurudi kwa boti kila siku ni gharama ambayo mshahara wa kibarua hauibebi.

Matumaini ya pili ni wageni. Siyu ina ngome iliyokarabatiwa, Shanga ina magofu yaliyochimbwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 na kutoa dalili za Uislamu wa mapema kabisa katika pwani hii, na Pate ina mji mzima. Katika karatasi, kisiwa kimoja chenye vitu hivyo vitatu kingejaza wageni. Katika uhalisi, mashambulio ya kigaidi ya Mpeketoni, upande wa bara, mwaka 2014, operesheni za usalama zilizofuata katika msitu wa Boni, na shambulio la kambi ya kijeshi ya Manda Bay Januari 2020 viliwaogofya wageni na kuwafungia wavuvi usiku. Mgeni anayefika Lamu huambiwa Pate ni mbali. Mbali kwa maana ya maili siyo; ni mbali kwa sababu hakuna anayejua boti itarudi saa ngapi.

Matumaini ya tatu hayatangazwi sana, nayo ni mafundi. Kuijenga upya nyumba moja tu ya mawe, kwa chokaa na boriti, kungehitaji mchoma chokaa, mchonga lipu, mkata mikoko na vijana wa kubeba. Lamu bado ina mafundi wanaojua kazi hiyo, kwa sababu ukarabati wa mji wao umewapa riziki. Pate ina nyumba nyingi za kufanyia kazi kuliko Lamu, na haina wenye fedha kama wale walionunua majumba ya Lamu. Saruji ni rahisi kupata na hukauka upesi, lakini ukuta wa matumbawe uliopakwa saruji hufungiwa unyevu na chumvi ndani, na lipu hubambuka pamoja na uso wa jiwe. Boriti nayo haina uhakika: marufuku ya serikali ya mwaka 2018 ya ukataji miti ilifika hadi mikokoni, na wakataji wa Lamu, ambao kaunti yao ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, walikaa bila kazi. Mikoko inahitaji ulinzi, hilo halina ubishi. Lakini dari ya mawe haina mti mwingine uliozoeleka wa kuibeba.

Halafu kuna uwezekano ambao haumfurahishi mpenda magofu: kwamba kitovu kipya kitakuwa Mtangawanda yenyewe. Ndiko kwenye kina. Ndiko barabara za kisiwa zinakoanzia, na ndiko abiria wa Siyu na wa Pate wanakokutana. Duka likifunguliwa hapo lina wateja kila boti ifikapo. Likifunguliwa katikati ya Pate lina majirani tu. Kwa mantiki ileile iliyoufanya mji wa hori uwe tajiri enzi za mitepe, mji wa gati ndio ungekua sasa. Pate ingebaki nini basi? Makazi, makaburi na mashamba? Au ingepata njia nzuri ya kuunganishwa na gati, ikawa ndiyo mji na Mtangawanda ndiyo bandari yake?

Jibu lolote litamkuta mkulima wa tumbaku amesimama ndani ya chumba. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 inalinda majengo ya kale, na Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007 inaibana biashara ya zao lake. Yeye anayo haki nyingine, ya kurithi, kwa kuwa baba yake alilima chumba hicho na babu yake vilevile. Na si ajabu kwamba baadhi ya wakulima hao ni vizazi vya wale waliolala ndani ya kuta hizohizo. Akiambiwa aondoke ili kuta zihifadhiwe, atapewa udongo gani mwingine kisiwani wenye rutuba kama huo? Akiachwa, nani atamlipa kwa kulima kwa kina kidogo, na kuacha jiwe mahali lilipo?

Kazi ya kwanza, kabla ya uzio na kabla ya kibao cha kuwakaribisha watalii, ni kuandika. Kila chumba chenye ukuta uliosimama kichorwe, zidaka zake zihesabiwe, na pembeni liandikwe jina la anayekilima na aliyemrithi. Wazee wanaokumbuka nyumba ipi ilikuwa ya ukoo upi waulizwe sasa, kama Kitini alivyoulizwa baada ya kitabu kuungua. Kazi hiyo haihitaji bandari wala boriti. Inahitaji watu wachache, kamba ya kupimia na misimu miwili kati ya mavuno. Nani ataifanya, na kwa fedha ya nani?